Nilimvunja Meno Mwinjilisti Wetu Kanisani, na Sasa Safari ya Injili Inangoja Mkono Wangu

Wenye ukurasa, ficheni jina langu na la kanisa langu. Umri msiufiche: nakaribia sabini, kwa hesabu ya marehemu mama aliyehesabu kwa miaka ya njaa. Darasani sikukaa hata siku moja. Nasema kwa mdomo, mjukuu wangu anaandika, na nimemwonya asinipambe.

Naishi Atlabara, hapa Juba. Amani iliposainiwa tulirudi kutoka kambini Kenya, na huko ndiko Kiswahili kilikoniingia. Kanisa letu liko upande wa Kator, nguzo na mabati tu. Tuko sisi tuliorudi, na Waganda wanaouza sokoni.

Kanisa lilikuwa limeoza, niwafiche nini? Jumapili tunahubiri amani sokoni, Jumatatu wanawake wetu wanapasuana vichwa kwa jerikeni kwenye bomba la maji. Muuza nyanya mmoja alitwambia usoni, "Huyo Yesu wenu awafundishe nyinyi kwanza, halafu mje kwangu." Mchungaji akaona haya. Akasema kila Jumatano tutasoma Maandiko mstari kwa mstari, tusichokifanya tukitengeneze, ndipo tutoke tena kuhubiri. Viti vya wakubwa vya mbele vikaondolewa. Wake wa pili, waliokuwa wanaungua na jua nje, wakaingizwa ndani.

Tukafika pale panaposema mtu akileta sadaka, akakumbuka ndugu yake ana neno naye, aiache sadaka wakapatane kwanza. Wazee wakataka kupita mbio. Mimi nikasimama.

"Mchungaji, imeandikwa au haikuandikwa?"

"Imeandikwa, mama."

"Basi hapa hautoki mguu kwenda kuhubiri kama kuna mtu bado ana neno na mwenye mguu huo!"

Vigelegele! Kanuni ikapita: mwenye neno akishapatana na msafiri, amwekee mkono wa baraka mbele ya kanisa, ndipo safari itoke. Nimeizaa mimi, kwa kinywa changu hiki.

Sasa huyo mwinjilisti. Nilijua alibeba bunduki vitani, na Juba hii nani hakubeba? Mwaka mzima amekula kisra, mkate wetu wa mtama, kwangu. Aliniezekea nyumba. Aliniita mama, nami nikamwita mwanangu. Yeye ndiye angeongoza watu kumi na wawili kwenda kwenye kambi za wafugaji, wale wanaoibiana ng'ombe na kuuana kila kukicha. Lugha yao anaijua yeye peke yake kwetu, na wale vijana wenye bunduki hawamsikilizi mtu ambaye hajawahi kuishika.

Jumapili ya kutubu akasimama mbele. Akasema hawezi kutoka na Injili akiwa ameficha damu. Akataja kijiji walichokichoma alfajiri. Akataja ghala la mtama alilolitia moto kwa mkono wake, na mwanamke aliyekimbia kurudi humo kumtoa mtoto. "Alitoka amemkumbatia," akasema. "Nikampiga risasi ya mgongo."

Kijiji hicho ni changu. Mwanamke huyo nilimzaa mimi. Nilimzika kwa kucha, sikuwa na jembe. Mtoto ndiye huyu anayeandika, mkono wake wa kushoto una kovu la moto mpaka begani.

Sikulia. Nilinyanyua kigoda nilichokalia nikampiga nacho mdomoni. Akaanguka. Nikampiga tena, mdomoni, sikioni, kwenye ule mkono uliowasha moto, mpaka mguu wa kigoda ukavunjika. Hakujikinga. Damu yake ilinirukia kitambaani, watu wanapiga kelele, wanawake wanne wamenishika kiuno wananivuta. Na sasa ungamo lenyewe, maana hilo la kwanza watu wote waliliona: niliposikia mfupa unalia, nilifurahi. Mpaka leo nikikumbuka nafurahi.

Mwanangu wa mwisho ni askari. Alipopata habari alimfuata, akamkanyaga mbavu kwa buti hadi majirani wakamng'oa. Kisha akaja kwangu anatweta. "Mama, siku utakayomwekea huyo mkono wa baraka, mimi nitamwekea risasi."

Nikamwambia, "Keti, mjinga wewe. Kwani ukimpiga risasi dada yako ataamka?" Hakuketi.

Wazee wamekuja kwangu. "Tuifute hiyo kanuni, mama, watu waondoke." Nikawafukuza. Wafute Neno kwa sababu ya hasira yangu? Tutakuwa tumerudi kule kule kuoza. Mwinjilisti naye alikuja, mkono umefungwa, maneno yanamtoka kwa shida. "Mama, sikutubu ili niende. Hata nisipoenda, nilikuwa na deni la kukwambia." Nikamfungia mlango. Halafu nikamtumia uji, maana kutafuna hawezi. Msiniulize kwa nini.

Nilimwambia mjukuu wangu, "Nimempiga kwa ajili yako." Akanijibu, "Haboba, bibi yangu, umempigia mama. Mimi usinifanye fimbo."

Wiki hii kumekuwa na mazishi tena huko kwa wafugaji, vijana wamechinjana. Mchungaji hakunilaumu. Alinipa habari tu, akaenda zake, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Jumapili hii watu kumi na wawili watapiga magoti mbele, na yeye wa kumi na tatu. Nikimwekea mkono huku moyo unawaka, nimemdanganya Mungu mbele ya madhabahu yake, na mwanangu huenda akawa muuaji. Nikiukunja, safari imekufa, na wale vijana wataendelea kuzikwa bila mtu wa kuwaambia waache.

Wanangu mnaosoma, nishaurini. Lakini anayetaka kuniandikia "samehe tu bibi", aniambie kwanza yeye alimsamehe nani, na kwa kosa gani. Aliyewahi kuzika mtoto wake, huyo ndiye ninayemtaka. Wewe mwenzangu, mkono wako uliuinua, au bado umeukunja? Nijibu kabla ya Jumapili.