Usiulize Wa Ngapi, Uliza Amekwama Wapi

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu, na wiki iliyopita mmenikumbusha kwa nguvu. Nilikuwa kwenye kikao chenu cha wazazi, nimemwakilisha mdogo wangu aliyeko shamba. Mwalimu ameeleza taratibu kabisa kwamba watoto wa darasa la pili watapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwamba lengo ni kujua nani asaidiwe nini. Amemaliza, anauliza kama kuna swali. Anasimama mama mmoja kijana, simu mkononi: "Sasa mwalimu, nafasi mtapanga? Maana mimi nataka kujua wangu atakuwa wa ngapi." Na wenzake wanaitikia, ndiyo, hilo ndilo la msingi.

Mwalimu wa watu akashusha pumzi, akaanza upya. Mimi nilitamani kuondoka. Si kwamba najiona mjuaji kuliko ninyi. Swali hilo nililiuliza mwenyewe zamani, kwa sauti kubwa kuliko yenu, na aliyekaribia kuumia ni mtoto wangu.

Nilikuwa na miaka thelathini hivi. Skola wangu alikuwa darasa la pili, hapa hapa Ifakara. Shamba letu la mpunga liko upande wa Idete, na mnajua wenyewe mpunga ukishaanza kujaza punje inakuwaje. Ndege wanashuka kama wametumwa. Familia nzima inahamia shamba, inakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kutwa ni kupiga makopo na kurusha udongo. Nikamchukua na Skola. Shuleni nikasema anaumwa. Mungu anisamehe, hilo nilishaliungama.

Mwalimu wake, Mwalimu Mgaya, akatuma ujumbe kwamba watoto watapimwa mmoja mmoja, kila mtoto atasoma mbele yake. Mimi niliposikia kupimwa nikasikia mtihani. Na kuhusu mtihani nilijiona najua la kufanya. Shule niliachia darasa la tatu, kusoma kwangu kulikuwa kwa kuokoteza, lakini katekisimu ya komunyo ya kwanza niliimaliza bila kukosa swali hata moja. Tulikaririshwa, swali na jibu, swali na jibu, mpaka ukiota unajibu. Basi nikasema na Skola nitamfundisha hivyo hivyo.

Mchana tukishakula, Baba Skola anasoma mstari kwenye kitabu cha shule, Skola anaitikia, mimi nasimamia. Akikosea anarudia. Ndege wakitua anateremka kuwafukuza, akipanda anaendelea alipoishia. Wiki mbili tu, mtoto amekimeza kitabu kizima, kuanzia "Baba ana jembe" mpaka ukurasa wa mwisho wenye picha ya kuku. Alijua hata wapi pa kufunua. Jumamosi tuliporudi mjini nikamsimamisha kwenye sala ya jumuiya, asome mbele ya watu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilivimba, mwanangu. Nilikuwa napita mlangoni kwa ubavu.

Wiki iliyofuata akapimwa, na siku mbili baadaye wazazi tukaitwa kuchukua majibu. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Nikaingia, shikamoo, marahaba, na kabla sijakaa vizuri nikauliza: wangu wa ngapi?

"Mama Skola, hapa hakuna wa ngapi," akasema. "Kaa kwanza."

Akamwita Skola, akampa karatasi yenye hadithi fupi. Skola akaishika, akakohoa kidogo kama padri anayeanza mahubiri, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. "Baba ana jembe. Mama ana kapu." Kidole kinatembea, sauti imenyooka, hakuna kusita. Alipomaliza nilipiga makofi.

Mwalimu Mgaya hakupiga. Akanigeuzia ile karatasi. Juu palikuwa na picha ya mbuzi kwenye mtumbwi. Hapakuwa na baba wala jembe. Nilihangaika na maneno mawili matatu, m-bu-zi, nikaelewa. Mtoto hakuwa amesoma hata neno moja. Na mimi mama yake nilikuwa nimekaa pale napiga makofi.

Mwalimu akasema kwa upole tu kwamba Skola anazijua herufi chache, nyingine zinamchanganya, na kama atabaki shuleni saa moja kila siku baada ya wenzake kuondoka, mwaka hautaisha kabla hajasoma. Lakini asikose hata siku moja. Akikosa, atapanda darasa la tatu hivyo hivyo, na huko hakuna wa kumrudisha kwenye herufi.

Unafikiri nilishukuru? Nilikasirika. Nikamwambia amempa mtoto kitu asichofundishwa. Nikamwambia ana watoto wake anaowapenda. Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa Mzee Kasiani, katekista aliyenifundisha mimi, ambaye wakati huo alikuwa pia kwenye kamati ya shule, ili amshtaki mwalimu.

Nilimkuta anashona kikapu cha kuvulia samaki. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akaniuliza, ukitaka kuvuka mto kwa miguu unafanyaje? Nikasema nachomeka fimbo nione kina.

"Fimbo ikikuonyesha maji yako shingoni, unaigombeza fimbo?"

Nikasema hapana, fimbo haina kosa.

"Mwalimu amechomeka fimbo, mwanangu. Amekuonyesha mtoto wako yupo kwenye kina gani. Wewe unataka akwambie mto umekuwa wa ngapi." Akavuta uzi, akaongeza: "Na ninyi tuliwakaririsha kwa sababu kanisa zima lilikuwa na kitabu kimoja. Skola ana chake. Kwa nini unampa umaskini wetu?"

Hilo la mwisho liliniingia mpaka leo halijatoka.

Kazi ikabaki kumshawishi Baba Skola. Alisema mpunga ndio chakula, na mikono miwili haitoshi kwa ndege wale. Alisema kweli. Nilimwambia mimi na Skola hatuendi shamba mpaka shule ifungwe. Akaenda peke yake, amenuna. Kona ya karibu na mto ndege walituachia majani matupu, na mwaka ule tulikula ugali mwingi kuliko wali, jambo ambalo kwa mtu wa bonde hili ni adhabu ya wazi. Sikujuta. Lakini sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi, wala kwamba mume wangu alinyamaza.

Skola alibaki na mwalimu kila siku, hata baada ya likizo. Mimi nikaanza kwenda darasa la jioni la watu wazima, kwa aibu, nimejitanda khanga usoni. Ilipofika Oktoba Mwalimu Mgaya akaniita tena. Akampa Skola karatasi nyingine ambayo hajawahi kuiona. Safari hii alisoma polepole, anavuta neno kama anavuta ndoo kisimani. Katikati akasimama. Akanigeukia. "Mama, hili silijui."

Mdomo wangu ulishafunguka nimkemee. Mwalimu akanishika mkono, anacheka. "Muache," akasema. "Sasa anasoma."

Na ndiyo, mwanangu. Yule aliyekariri alikuwa hakwami popote. Anayesoma ndiye anayekwama, na anajua amekwama wapi.

Kwa hiyo nawaomba, na nimechoka kuwaomba. Mtoto akipimwa, nenda shuleni, usitume jirani. Acha habari ya nafasi, muulize mwalimu mtoto amekwama wapi na nyumbani ufanye nini. Usimfanyie kazi zake za shule halafu ukafurahia alama zako mwenyewe. Mpe asome asichokijua, hata maandishi ya mfuko wa mbolea, na akikwama msubiri. Usimpige kwa sababu ya alama. Na usimpeleke kufukuza ndege siku za shule. Najua njaa ni nini, nimeila. Lakini ndege watarudi kila mwaka, na darasa la pili mtoto analipita mara moja.

Mungu awape uvumilivu wa kumsubiri mtoto anayevuta neno. Awabariki walimu wenu hata siku mnayowakasirikia. Na watoto wenu wasiogope kamwe kuwaambia, Mama, hili silijui. Amina.