Tempe ya Chicha

Mwaka ule dola ilipopanda, wakubwa kwenye televisheni walituambia uchumi umeyumba. Umeyumba! Kwetu kijijini Banyumas ulianguka kifudifudi. Soya ilikuwa ikitoka Amerika kwa meli, na sisi hatukujua habari hiyo mpaka bei ilipopaa. Tulidhani tempe yetu ya soya ni chakula cha maskini, itahusiana wapi na dola.

Jirani yangu Rasiyem alitengeneza tempe tangu usichana. Soya anaichemsha, anaikanyaga kutoa maganda, anaitia hamira yake, anaifunga kwa majani ya mgomba, na baada ya siku mbili imeshikana, nyeupe pe. Mimi nauza mendoan, tempe nyembamba ya kuchovya kwenye unga na kukaanga juu juu, kwa hiyo kazi yake ndiyo iliyonilisha. Kila wiki vipande vilizidi kukonda.

"Yu Rasiyem," nilimtania, maana ni kama dada yangu mkubwa, "hii nikiinyanyua naona mpaka nyumba ya pili."

"Basi kaanga unga mtupu," akanijibu, "wateja wakiuliza, waambie tempe imekwenda kuoga."

Tulicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la njaa.

Mumewe, Kang Darsun, yaani kaka Darsun kwa heshima ya kwetu, alirudi kutoka Jakarta na begi moja tu. Huko majengo yalisimamishwa nondo zikiwa zimechomoza juu, na mafundi wakaambiwa waende kwao. Mwanamume aliyezoea kuleta sasa alishinda kibarazani akisubiri kuletewa. Alinuna hata bata wakawa wanamkwepa.

Siku hizo Mbah Karsem, bibi wa ng'ambo ya mto, alifiwa na mumewe, akaagiza tempe za hitima ya siku ya saba. Soya ilikuwa imebaki ya kiganja kimoja tu. Rasiyem akapanda basi kwenda Cilacap, bandarini, kuitafuta. Akakaa huko siku kadhaa, akarudi siku yenyewe ya hitima na kifuko ambacho hata mtoto angekibeba. Mimi nilikuwa uani kwake nimefuata tempe zangu. Akachukua moja kwenye tenga, akaifungua. Ilikuwa na madoa ya manjano.

"Kang, nini hii?"

"Tempe." Darsun alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu arudi. "Uliniacha hapa kama mzigo, nami nimefanya kazi. Za Mbah Karsem nimeshampelekea, amefurahi mno."

"Umetia nini?"

"Soya haikutosha, nikaongeza chicha. Mama alitupikia hiyo tangu utoto. Kwani nimekufa?"

Rasiyem akakaa chini palepale kwenye vumbi. Kwetu hakuna asiyeijua tempe ya chicha ya nazi. Ni tamu, ni rahisi, na serikali iliipiga marufuku kwa sababu mara nyingine inaua. Unaila miaka kumi unashiba, siku moja inazikwa nyumba nzima. Rasiyem alimzika shangazi yake na watoto wawili wa shangazi huyo, wote kwa sahani moja.

Tukatoka mbio wote watatu. Tulipofika kwa Mbah Karsem mikeka ilikuwa inakunjwa. Kwetu watu wa hitima hawali pale. Wanasoma, wanaitikia dua, kila mmoja anabeba kapu lake akale na wanawe. Makapu yalikuwa yameshasambaa kijiji kizima, mengine hata ng'ambo ya mashamba ya mpunga.

"Twende nyumba kwa nyumba," Darsun alisema akihema. "Kimya kimya. Tuseme imechacha, tuwape mayai. Yem, ukilitaja neno chicha hatuuzi tena tempe mpaka tunakufa. Mwaka kama huu! Tutakula nini?"

"Mwaka kama huu nani anafika na chakula nyumbani akakiweka kabatini?" Rasiyem alifoka. "Wanakula njiani, Kang!"

Akakata kona kuelekea msikitini. Tukamfuata mbio. Mwadhini akamzuia mlangoni.

"We mwanamke, kipaza sauti ni cha adhana!"

"Na cha kutangazia misiba. Unataka nisubiri?"

Yule bwana akasogea. Sauti ya Rasiyem ikatoka juu ya mapaa, ikikwaruza. "Mimi ni Rasiyem. Tempe ya hitima ya leo imetoka kwangu, na ina chicha. Msiile. Aliyekula ajitapishe, aende zahanati sasa hivi. Imetoka kwangu mimi, Rasiyem."

Jina la mumewe hakulitaja. Darsun alisimama nje ya msikiti akilia kama mtoto, na mimi, niliyekuwa nimemwandalia matusi, nikayameza.

Wajukuu wawili wa Mbah Karsem walikuwa wameshaonja. Walilazwa, wakatapika, wakatoka wazima. Hakuna aliyekufa, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna aliyeshukuru. Watu wakasema amemwaibisha marehemu bure. Wengine wakasema mwenyewe kakiri, basi alikuwa akitulisha sumu miaka yote. Binadamu hatuna haya! Rasiyem akaacha tempe, akawa anafua nguo za watu, Darsun akachota mchanga mtoni, na mimi nikawa nafuata tempe mbali.

Halafu hali ikaanza kurudi, polepole, hata hujui ilianza lini. Mafuta ya kula yakaonekana dukani. Vijana wakapata pikipiki za mkopo. Darsun akaitwa Jakarta kumalizia majengo yaleyale. Soya ikashuka. Kijiji kizima kilipona isipokuwa Rasiyem. Nikamsumbua, nikamsumbua, mpaka akakubali kuanza tena, akaja sokoni na tenga moja, akakaa karibu na jiko langu.

Jua likapanda. Watu wanapita, wanaangalia majani ya mgomba, wanakwenda kununua tempe za kufungwa kwa plastiki upande wa pili. Rasiyem akawa anapanga upya tempe ambazo hakuna aliyezigusa.

"Yu Rasiyem!" muuza mchicha mmoja akapaza sauti. "Leo unatangaza saa ngapi?"

Soko likaangua kicheko. Nilishika upawa wangu wa mafuta ya moto, na wallahi ningeutumia.

Ndipo akatokea Mbah Karsem, ambaye tangu ile hitima hakuwahi hata kumwitikia salamu. Akainama, akachukua tempe, akaibonyeza, akainusa. Kicheko kikakatika.

"Nipe nne."

"Mbah," Rasiyem aliuliza, "huogopi?"

"Naogopa, kwa nini nisiogope?" Bibi akaonyesha kwa kidevu wale wauzaji wa tempe za plastiki. "Lakini za wale zikiwa mbaya, nani ataniambia? Funga upesi, wajukuu hawajala."

Rasiyem alijaribu kufunga, machozi yanamdondokea mikononi, kamba ikamshinda. Nikamfungia mimi.