Jumapili ya Matema

Kwa miaka mingi Venance, dereva wa shamba la chai, aliipenda Jumapili moja ya kila mwaka kuliko Krismasi. Mvua zikishakatika na baridi ya Julai ikikaza Tukuyu, alipakia wachuma chai na watoto wao kwenye lori, pamoja na masufuria na mikungu ya ndizi, akawateremsha mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakaoge na kugaagaa kwenye mchanga wenye joto.

Kisha serikali ikaliuza shamba. Mwekezaji akapunguza watu, akamwagiza Venance awatoe kwenye nyumba za shamba awarudishe kwao, Isongole, juu milimani.

Wazazi walipakia vitanda. Watoto hawakuambiwa kitu. Kuliona lori tu, wakavua masweta, wakapanda wakiimba nyimbo za ziwani. Venance akawasha gari, akijitukana kimoyomoyo kwa kuwa kazi yake yeye ilikuwa imebaki.

Kwenye lami hakuteremka kuelekea Kyela, njia ya ziwani. Alipandisha milima. Upepo ukageuka baridi, wimbo ukafifia, na kiganja kidogo kikagonga bati la kabini.

"Babu Venance, umepotea njia. Ziwa liko kule."

Dirishani alimsikia mama wa yule mtoto akisema taratibu, "Vaa sweta."