Maziwa ya Mashini

Niliwahi kuionea wivu mashini. Cheka ukipenda. Ilikuwa na kichwa, macho ya taa na mikono miwili myeupe, kimo cha mtoto wa darasa la nne. Wageni wa mradi fulani waliileta kwenye kituo chetu cha afya hapa Kitshanga, ijaribiwe miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa. Yangu, kwa miaka tisa, ilikuwa hiyohiyo.

Wiki ya kwanza watu waliiogopa. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba akarudi nyumbani na malaria yake. Wiki ya pili walipanga foleni mbele yake, mimi nikabaki napiga mihuri kwenye fishi, zile kadi za wagonjwa.

Hayo ningeyameza. Lakini mama mkwe wangu! Kila siku ya soko alishuka kutoka Kirolirwe kupimwa presha. Tangu harusi yangu aliniita "bibi ya mutoto wangu," yaani mke wa mwanawe, basi. Siku moja mashini ilimwinamia ikasema, "Jambo Mama, umelala vizuri?" Akaishika mikono yote miwili.

"Nimelala vizuri, mutoto wangu. Magoti tu njo inanisumbua."

Mutoto wangu! Neno nililolingoja miaka yote hiyo limeokotwa na kitu kinachochajiwa kwa jua.

Juma lililofuata alileta kibuyu cha maziwa. Kwao, ng'ombe akizaa na ndama akishashiba, maziwa hupelekwa kwa mtu unayemhesabu kuwa mtoto wako. Mimi sikuwahi kuletewa hata tone. Alikiweka miguuni pa mashini, akaingia kwa muuguzi. Moyo ulinichemka. Nilikichukua, nikajificha nyuma ya pazia, nikayanywa yote kwa hasira, nikarudisha kibuyu mahali pake. Yalikuwa matamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Alipotoka alikitikisa, akanitazama, akatabasamu.

"Mutoto amekunywa."

Ikawa hivyo majuma matano. Yeye analeta, mimi nakunywa, mashini inasifiwa.

Wageni walipokuja kuichukua nilifurahi mpaka nikawasaidia kufunga kamba. Siku ya soko mama mkwe alifika na kibuyu chake, akakuta pembe iliposimama mashini ikiwa tupu. Nikaona hapa ndipo pa kumkomoa.

"Mama, ile mashini haikunywa hata siku moja. Ni mimi."

Hakushtuka. "Najuwa. Mashini iko na tumbo wapi? Siku ya kwanza ulikuwa na maziwa mu mudomo ya juu."

"Sasa mbona uliendelea kuleta?"

"Nilikuwa naangalia kama utarudisha kibuyu na kitu ndani. Hata chumvi kidogo. Mara tano, bure."

Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Masikio yaliniwaka. Kumbe mtoto aliyekunywa, aliyetajwa mbele yangu kila juma, nilikuwa mimi, na mimi nikashinda nikimchukia.

"Ile mashini iliniuliza nililala namna gani," akasema polepole. "Muntu anaweza kuniuliza vile pia."

Nilifungua mdomo nimuulize alivyolala. Kilichotoka ni kile kinachotoka kila asubuhi kwa miaka tisa:

"Mama, fishi iko wapi?"

Aliitoa kwenye kitenge chake, akanipa, akaenda kukaa kwenye benchi na kibuyu chake kimejaa.