Sheria za Nchi ya Majivu

Hadi leo, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji hunirudisha Chang'ombe, uani kwetu, nyuma ya karakana alikofanya kazi baba. Hapo ndipo sie watoto sita tulipokuwa na nchi yetu. Mipaka tuliichora kwa majivu ya jikoni, tukaiita Nchi ya Majivu, na kwa kuwa wakubwa wa enzi zile hawakuishiwa mikutano, nasi tulikuwa na Mwenyekiti. Mwenyekiti nilikuwa mie, mwenye miaka tisa.

Nchi haiwi nchi bila sheria, na sheria nilizikusanya mwenyewe. Bibi yangu alikuwa na miiko mingi kuliko sufuria. Majirani waliotoka Lindi, Songea na Mafia nao walikuwa na yao. Nilitega sikio kila walipowakanya watoto, kisha nikarudi kutunga. Apigaye mluzi ameita nyoka, basi atoke mchezoni. Afagiaye jioni amefagia riziki, basi hazina ya nchi, yaani kopo letu la korosho, imwagwe. Kali kuliko zote ilikuwa ya kurukwa: ukimruka mtu aliyelala, hakui tena, mpaka wewe mwenyewe umruke kwa kurudi, kutokea upande wa pili. Bibi alikuwa akisema, "Mwiko hauna mdogo."

Rehema alikuwa mtoto wa jirani, rafiki yangu, na mfupi kuliko sote. Asubuhi moja aliwatangazia wenzetu kwamba mie bado nakojoa kitandani. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Walicheka mpaka wakafuta mipaka kwa miguu. Mchana wakapiga kura: Rehema Mwenyekiti, mie mfagiaji.

Akajilaza juu ya gunia katikati ya ua, kama tulivyowaona wakubwa wakijipumzisha baada ya hotuba. Nilikunja gauni nikamruka, kutoka upande wa ukuta hadi upande wa jiko.

"Rudi!" alipiga kelele. "Mwanaidi, niruke tena!"

"Sirudi."

Kesho yake alinijia na nusu ya kitumbua. Keshokutwa akanirudishia uenyekiti. Nikamwambia aseme mbele ya wote kwamba yeye ndiye kikojozi. Hakuwa. Akasema, kichwa chini, nami nikamjibu kwamba nitafikiri. Utamu wa jibu lile, ndugu zangu, sijauonja tena.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nilikuwa namenya mihogo peke yangu, Bibi akiwa kwenye foleni ya unga. Mama yake Rehema akaingia, kamshika mwanawe mkono. Nilinyanyuka nimwamkie, akaniwahi.

"Shikamoo, mama," aliniambia, akapiga goti.

Mtu mzima! Kisu kiliniponyoka.

"Mwenzio hali," alisema. "Kila asubuhi anajipima mlangoni kwa mkaa. Nimezika wawili kabla ya huyu, mwanangu. Nakuomba umrudie."

Niliitikia, "Marahaba." Naona haya kuandika, lakini niliitikia.

Rehema akalala palepale pa siku ile. Kumrudia, ilinipasa nitoke upande wa jiko. Sikutoka huko. Nilizunguka taratibu mpaka ukutani, nikakunja gauni, nikamruka vilevile kama mara ya kwanza. Mama yake hakujua tofauti. Rehema alijua.

Aliinuka, mdomo wazi, tayari kusema. Kisha akamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa anafuta macho kwa khanga na kumshukuru Mungu. Akafunga mdomo.

"Ahsante, Mwanaidi," alisema.

Kabla mwaka haujaisha, walihamia kijijini. Hakuniomba tena hata siku moja, nami kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba nilimshinda mara mbili.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa mama, siku binti yangu aliyekuwa anachemka kwa homa aliponiambia hajambo, ili nami nijinyooshe kidogo. Rehema aliamini sheria zangu kuliko nilivyoziamini mwenyewe. Alijua kwamba hatakua tena, akakubali kubaki mfupi ili mama yake apate usingizi. Nami nilikuwa nimesimama pale mbele yao, gauni mkononi, nikijiona mrefu.