Nailoni Chini ya Mfuniko wa Tangi

Niliporudi Mwanza na diploma yangu ya ufundi, mafundi wa Buhongwa walisema gereji yangu haitamaliza mwaka, na wajomba walionikopesha mtaji wakaanza kuwaamini. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Nyamagana akaniletea skuta iliyokuwa ikizima kila akikaribia Usagara, ikipumzishwa inawaka. Mafundi hao walikuwa wamebadilisha kabureta mara mbili na kupuliza mpira wa mafuta kwa mdomo. Ujuzi wao wote unaishia hapo. Walikuja kutazama nitakavyoshindwa.

“Msomi, anza na kabureta,” mmoja akanicheka.

Sikuigusa. Nilifungua mfuniko wa tangi, nikasikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu. Chini yake walikuwa wamekaza kipande cha nailoni ili mvua isiingie, kama wanavyofanya kwa kila pikipiki. Tangi lisilopumua litashushaje petroli?

Nikaitupa ile nailoni miguuni pao. “Bosi, nenda Usagara urudi,” nikamwambia mwenye skuta.

Alirudi bila skuta kuzima, na baadaye akaniletea skuta za ndugu zake wote. Siku niliyommalizia mjomba wa mwisho deni lake, nilipita kwa mafundi wale makusudi. Walikuwa bado wanapuliza mipira ya mafuta kwa mdomo.