Watano Walikaa, Sita Waliitika

Saa kumi na mbili asubuhi, jua la Agosti bado halijapata nguvu, na Galeboe Ntshole anafagia kgotla, uwanja wa mchanga uliozungushiwa magogo ambako kijiji cha Motlhabawane huamulia mambo yake. Anafagia kinyumenyume ili asikanyage alipokwisha kusafisha. Chini ya paa la nyasi kuna kiti kimoja tu, kifupi, cha mbao, kilichosukwa kwa kamba za ngozi. Anakizunguka kwa ufagio kushoto, kulia na nyuma.

Mbele yake hafagii.

"Nikifagia hapo, kesho napakuta pamekanyagwa," anasema bila kuinua kichwa. "Sasa kwa nini nijichoshe?"

Mwandishi wa makala haya ameishi wilaya hii miaka kumi na saba na si mtu wa kutishwa na hadithi za mizimu. Hata hivyo aliinama akatazama. Palikuwa na alama za soli mbili, zimekaa sambamba kama za mtu aliyeketi akisikiliza. Hazikuonyesha alikotoka wala alikokwenda.

Galeboe, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mjumbe na katibu wa baraza la kijiji. Kwa miaka tisa amekuwa akiandika kumbukumbu na kuita majina. Anasema hiyo ndiyo kazi nyepesi. Ngumu ni kuwapata watu wenyewe.

Baraza lina viti kumi, kila kimoja na kitongoji chake, isipokuwa Goo-Thebe chenye viti viwili. Akidi ni watu sita. Lakini viti vinne ni vya vitongoji ambavyo havina mtu tena. Waliokuwamo wamehamia Gaborone au wamefuata ng'ombe malishoni moja kwa moja, na nyumba zao sasa zinalala punda. Huwezi kumchagua punda. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na wajumbe sita kamili, na kila kikao Galeboe alizunguka nyumba kwa nyumba akihakikisha hakuna anayeumwa.

"Mtu akikohoa tu, mimi huyo mlangoni kwake na chai ya tangawizi," anasema na kucheka.

Posho ni pula mia moja kwa kikao. Akidi isipotimia, hakuna kikao wala posho. Anachokula hasa kinatokana na magwinya, maandazi anayokaanga na kuuza kwenye lango la shule.

Mwezi wa Aprili mjumbe wa sita, Mokwadi Thebe, alifariki dunia. Alikuwa fundi wa pampu, mzee wa miaka sitini na nane, mjumbe wa pili wa Goo-Thebe pamoja na Galeboe. Katika miaka kumi na minane hakukosa kikao hata kimoja. Miaka minne ya mwisho alikuwa na wimbo mmoja tu: nyumba ya muuguzi. Zahanati ya Motlhabawane ilifungwa muuguzi alipoondoka kwa kukosa pa kulala. Mokwadi aliwasukuma wenzake mpaka nyumba ikajengwa, ikapigwa bati na rangi. Kilichobaki ni azimio la baraza la kuikabidhi wilaya. Hapo ndipo alipokufa.

Motlhabawane wana desturi yao. Jina la marehemu halifutwi kwenye orodha mpaka mjane avue nguo za msiba, na hiyo ni mwaka mzima. Katibu huliita kama kawaida, na mtu wa nyumba ile husimama nje ya ua na kuitika kwa niaba yake, "Nipo, mma," yaani nipo, mama. Ni heshima tu, haihesabiwi. Aliye hai Galeboe humwekea alama ya vema, na marehemu humwekea nukta.

Mei aliliita jina la Mokwadi. Mdogo wake, Moatlhodi, aliitika kutoka nje ya ua. Galeboe akaweka nukta. Wajumbe watano, akidi haikutimia, wakaenda nyumbani. Juni ikawa vilevile. Wilaya ikaandika barua: kikao cha Julai kikivunjika, muuguzi aliyetengwa kwa Motlhabawane atapelekwa kwingine.

Siku ya kikao cha Julai, Moatlhodi alikuwa malishoni, kilomita arobaini kutoka hapo, akitibu ng'ombe. Jambo hilo kila mtu alilijua. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, hakuna hata upepo. Galeboe aliita majina matano, yakaitikiwa matano. Kisha akaita la sita.

"Mokwadi Thebe."

"Nipo, mma."

"Sikushtuka," anasema Galeboe. "Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ingekuwa sauti ya kutoka shimoni ningekimbia. Ilikuwa sauti yake ya kila siku, ya mtu aliyekunywa chai yake akashiba. Mkono wangu ukaweka vema. Tukaendelea na kikao."

Azimio likapita. Wakafunga kwa sala. Ni pale kila mtu alipobeba kiti chake kwenda nyumbani, kama ilivyo kawaida yao, ndipo walipoona kimoja, kile cha Mokwadi, kimebaki chini ya paa. Familia ya Thebe ilikuwa imekichukua tangu siku ya mazishi. Hakuna aliyekiri kukileta, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukibeba.

Kumbukumbu zilipofika wilayani, afisa mmoja aliyehudhuria mazishi ya Mokwadi aliona jina lake na vema pembeni. Alikuja mwenyewe. Aliwahoji wajumbe mmoja mmoja, mbalimbali, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Wote watano walisema Mokwadi alikuwepo. Wa mwisho kuhojiwa alikuwa Kgosi Ramasilo, chifu wa kijiji, ambaye hukaa na baraza lakini hahesabiwi.

"Aliniuliza kama nilisikia sauti tu," Kgosi anasimulia. "Nikamwambia, mwanangu, mimi sikusikia chochote, masikio yangu yamekufa siku nyingi. Mimi nilimwona. Alivaa koti la bluu, lile tulilomzikia."

Afisa alifunga daftari lake bila kuandika. Kisha akawaambia, kwa upole, kwamba sheria haina mahali pa mambo hayo. Azimio limebatilika. Wakimpata mtu hai wa Goo-Thebe kukaa kiti cha Mokwadi kabla ya Agosti kwisha, na azimio lipitishwe upya, muuguzi atakuja. Wasipompata, basi.

Kwa Galeboe hilo si suala la makaratasi. Binti yake wa pekee, Seipone, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, ana mimba ya miezi saba. Hospitali ya karibu ipo kilomita sitini na tatu, njia yote mchanga. Mwaka juzi binti wa jirani alijifungulia kwenye mchanga huo, nyuma ya gari lililokwama. Galeboe ndiye aliyemshika mkono mpaka ukapoa.

"Ningeweza kunyamaza na vema langu," anasema. "Lakini niliulizwa. Sijui kusema uongo kwenye daftari."

Mara mbili Goo-Thebe iliitwa kuchagua, na mara mbili hakuna aliyenyoosha mkono. Galeboe akaanza kupita mlango kwa mlango. Wengine walipomwona tu, mguu niponye. Mwenye duka, Olebeng, kijana mcheshi, hakukimbia.

"Mma Seipone, kiti nakitaka," alimwambia. "Ila nipe cha marehemu aliyenyamaza. Huyo wenu bado ana hoja."

"Unaogopa mzee aliyekutengenezea pampu bure?"

"Bure? Asije akadai sasa!"

Walicheka wote wawili. Galeboe alipotoka pale aliketi juu ya jiwe akalia.

Wiki iliyopita alikwenda kwa mjane, akiwa na Seipone wa kumshika mkono. Mma Thebe alikuwa ameketi kwenye mkeka, nguo nyeusi, kibakuli cha uji wa mtama mbele yake. Pembeni palikuwa na kibakuli cha pili. Hakuna aliyekaribishwa kwenye kile cha pili.

"Mma, tufanyeje?" Galeboe aliuliza. "Watu wanamwogopa mzee."

"Wanamwogopa kwa lipi? Miaka kumi na minane hajakosa kikao. Mlitaka aanze kukosa lini?" Mjane alikoroga uji wake. "Mlikuwa watano. Angelala vipi, nyumba ya muuguzi haijaisha? Mpateni mtu. Atanyanyuka mwenyewe. Mume wangu hajawahi kumwacha mwanamke asimame."

Ndipo Seipone akasema, "Basi nitakaa mimi."

Mama yake alimgeukia kama aliyemwagiwa maji. Wazee wa huku hawamruhusu mjamzito hata kupita karibu na kaburi, sembuse kuketi pa marehemu. Wanasema wanaoondoka hupenda kusindikizwa, na mtoto aliye tumboni ndiye mwepesi kubebwa.

"Hukai."

"Mama, nani mwingine anamhitaji muuguzi Oktoba? Wewe?"

"Nimesema hukai, Seipone!"

"Umezunguka nyumba zote. Hukubisha hodi kwako tu."

Galeboe anasema usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi aliandika jina la binti yake kwenye karatasi ya uchaguzi, kwa mkono wake mwenyewe. Goo-Thebe ilimchagua bila kupingwa. Watu walinyoosha mikono haraka, anasema kwa uchungu, kama wanaotua mzigo.

Kikao ni Jumatano ijayo, saa nne asubuhi. Kwa kuwa mjane bado yuko kwenye nguo nyeusi, desturi inamtaka Galeboe aliite jina la Mokwadi kabla ya mrithi wake. Kgosi alimshauri aliruke, mara moja hii tu. Amekataa.

"Nikiliruka, atajua nimemwogopa. Nitaliita, na nitasubiri. Kisha nitaita la mwanangu." Anaegemeza ufagio kwenye gogo, anajifuta mikono kwenye kanga kiunoni. "Akidi naitaka. Muuguzi namtaka. Lakini ukiniuliza ninachoomba kwa Mungu kila nikipiga magoti, ni kimoja tu. Nikiita Seipone Ntshole, aitike mtu mmoja, yeye mwenyewe."